Mkono Ulionao

Simama kando ya Barabara ya Sokoine, hapa Arusha, asubuhi ya Julai, msimu wa wageni ukiwa umechanganya, utazame Land Cruiser zinazotoka mjini kuelekea Makuyuni. Kila mlango una mnyama wake. Simba anayetazama kando, tembo aliyetandaza masikio, twiga na mgunga, na jua ambalo halijawahi kuzama popote isipokuwa katikati kabisa ya kifuniko cha tairi la akiba. Kuchora vitu hivi ndiyo kazi yangu, kwa hiyo barabarani jicho langu halipumziki. Kinachonichosha si wanyama kurudiwa. Mgeni hakupanda ndege kuja kuona kuku. Kinachonichosha ni mstari. Unene wake ni ule ule tangu kwenye pembe hadi kwenye mkia, mtiifu, hauna mwenyewe. Ukiuona unajua kwamba aliyechora alifungua programu, akashika brashi ya duara aliyoikuta pale, akaanza kazi.

Brashi ile ilikuwa imeshapangwa na mtu. Photoshop ilitoka Februari 1990, kazi ya ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll. GIMP, ambayo mimi niliipendea kwanza kuwa ya bure, ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatolewa kwa umma mwaka uliofuata. Baada yao wamepita wengi, na mahali fulani katika safari hiyo mtu aliketi akaamua: brashi ikifunguliwa kwa mara ya kwanza iwe na ukubwa huu, kingo zake ziwe ngumu kiasi hiki, rangi yake iwe nzito kiasi hiki. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anatafuta kipimo cha kumfaa kila mtu, na anayetafuta hivyo humpata mtu wa katikati, asiye na jina wala mkono. Fundi cherehani wa Soko la Kilombero akinunua mashine mpya hashoni hata mfuko wa mto kabla hajagusa skrubu ya kukaza uzi. Haoni kwamba anamkosoa aliyeiunda. Anajua tu kwamba kiwanda hakikukiona kitambaa chake.

Wengi wetu tunaopenda kujiita wasanii hatuna adabu hiyo ya fundi cherehani. Tunafungua, tunachora, mambo yakiharibika tunailaumu kompyuta.

Inasaidia kujua kinachoendelea ndani. Brashi ya kompyuta haiburuzi rangi, inagonga mihuri. Ukivuta kalamu, programu inagonga alama moja mara nyingi njiani, na alama hizo zinasongamana mpaka jicho linaona mstari. Kuna kipimo kinachoamua mihuri ikae umbali gani. Kwenye Photoshop, brashi ya kawaida ya duara huja na asilimia 25 ya upana wake. Kipandishe kipite 100, mstari unakatika kuwa vidoti. Kishushe mno, na kompyuta iliyochoka inaanza kuhema. Kuna ugumu wa kingo, unaoamua kama rangi itaishia kwa ghafla au kwa ukungu. Kisha kuna uzito wa rangi, ambao una vitufe viwili vinavyofanana kwa sura: kimoja kinaweka dari, yaani mpigo mmoja wa kalamu usipite weusi huu hata urudie mara ngapi, kingine kinapima rangi inayotoka kwa kila muhuri, ili ukipita tena mahali pale pale bila kuinua kalamu, rangi ijengeke. Watu hukaa miaka wakidhani ni kitu kimoja.

Mimi tofauti yake nilifundishwa na mbega. Yule wa Hifadhi ya Arusha, mweusi, mwenye joho la manyoya meupe ubavuni na mkia mrefu unaoning'inia matawini. Twiga humshinda mtu mara chache, kwa sababu madoa yake yana mipaka. Mbega hana mipaka. Manyoya yake huanza mazito kwenye ngozi na kuishia hewani, na kila unywele unataka brashi inayokonda kalamu inapoinuka na rangi inayojijenga taratibu. Hapo ndipo unakuta nusu siku imeisha na hujachora hata unyoya mmoja. Umekuwa ukisogeza vitufe, ukijaribu, ukifuta. Mteja anapiga simu, “Dada, imefikia wapi?” Unamjibu kwamba unaandaa brashi, naye anacheka kicheko cha mtu anayejua anadanganywa.

Halafu mbega huyo, pamoja na uzuri wake wote, hafai mlangoni mwa gari. Mashine ya kukata stika haijui ukungu. Inafuata ukingo, na plastiki ama ipo ama haipo. Kwa hiyo kwa ajili ya mlango unamchora upya: kingo ngumu, rangi kamili, manyoya yote yamekusanywa kuwa maumbo machache ambayo wembe unaweza kuyazunguka. Wa kwanza anabaki kwa ajili ya bango la kuprinti au tovuti. Hakuna aliye halisi kuliko mwenzake. Nimeacha siku nyingi kubishana na watu wanaosema kazi nzuri ni nzuri popote. Wengi wao hawajawahi kubandika kitu chochote kwenye bati.

Lakini haya yote bado ni habari ya brashi. Kazi yenyewe inaanza pale mkono unapoingia.

Kalamu za kuchorea kwenye tableti hupima unavyokandamiza, na siku hizi maboksi yake mengi yanatangaza ngazi 8,192 za mkandamizo. Namba hiyo inasema mengi juu ya kalamu na haisemi lolote juu yako. Kati ya kidole na brashi kuna grafu ndogo ambayo watu wengi hawajawahi kuifungua. Upande wa chini ni nguvu unayoweka, upande wa kusimama ni jinsi brashi inavyoitikia. Ikitoka dukani ni mstari ulionyooka kutoka kona hadi kona: weka nusu, pata nusu. Unaweza kuushika mstari huo na kuukunja.

Alinijia kijana aliyekuwa fundi wa kuchomelea mageti kule Unga Limited. Kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, kwa penseli butu, alikuwa anachora ng'ombe wa Kimaasai hadi unasikia kengele. Kwenye tableti kila alichogusa kiligeuka kuwa mkaa: mistari mizito, myeusi, isiyo na mwanzo wala mwisho.

“Dada, hii kalamu hainitaki,” akasema.

Alikuwa ameshaambiwa na wengine alegeze mkono. Ndivyo tunavyowaambia wote: legeza mkono, pumua, usikandamize. Alikuwa akijitahidi mpaka jasho linamtoka, na ukimwona unajua hakuna mkono uliolegezwa kwa kujitahidi. Miaka yake yote mkono ule ulikuwa umeshika chuma. Kabla yeye hajaanza kuhisi kwamba anakandamiza, kalamu ilikuwa imeshafika mwisho wa ngazi zake zote. Nikafungua ile grafu, nikaukunja mstari uelekee chini, ili nusu ya kwanza ya nguvu yake ilete wino kidogo tu na weusi wenyewe ubaki mbali, mahali ambapo yeye angefika akitaka. Akachora shingo ya ng'ombe. Mstari ukaanza mwembamba kwenye koo, ukanenepa kwenye nundu, ukaisha. Akaitazama kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliye ofisini kwa mwalimu mkuu: “Kumbe inaruhusiwa kubadilisha?”

Swali hilo nimekaa nalo kuliko mafunzo mengi niliyolipia. Nimetoka katika madarasa ambayo mwenye mkono wa kushoto alichapwa mpaka akahamia kulia, na dawati lilikuwa moja kwa mfupi na mrefu. Tulijifunza mapema sana kwamba kifaa kikikataa, mwenye kasoro ni wewe. Ushauri wa kulegeza mkono si uongo. Ni ushauri mzuri kwa mkono ambao kijana yule atakuwa nao miaka ijayo. Yeye alikuwa na ng'ombe wa kuchora siku ile, na mkono wa siku ile ulikuwa mzito. Kuna heshima fulani katika kumpimia mtu kwa mkono alionao. Nimelea watoto wawili na nakiri kwamba hili nililiona kwenye grafu kabla ya kuliona nyumbani: mmoja unasema mara ya tatu ndipo wino unaanza kutoka, mwingine ukimgusa kidogo tu ameshajaa. Kuwatendea sawasawa kulikuwa kunanipa sifa ya haki, na mmoja wao alikuwa akiilipia sifa hiyo kila siku.

Nisingependa mtu aondoke hapa akidhani nahubiri kubembelezana. Kwanza, mpangilio wa mtu ni wake: nikiketi kwenye mashine ya kijana yule mstari wangu haupo, maana mimi nakandamiza kama ninayeogopa kuamsha mtoto, na grafu yake hainihesabu kabisa. Pili, mkono hubadilika. Alipoacha kuchomelea, vidole vyake vilianza kusahau chuma. Ikafika wakati mistari yake ikawa hafifu, akadhani ncha ya kalamu imelika, akataka kununua nyingine. Ncha ilikuwa nzima. Grafu ilikuwa bado inamlinda dhidi ya mtu ambaye hakuwapo tena. Tukaunyoosha mstari karibu ulivyotoka dukani. Nawajua watu wazima, wenye akili timamu, wanaoishi na kinga waliyoiweka dhidi ya nafsi yao ya miaka ishirini iliyopita, kisha wanashangaa kwa nini hawasikiki.

Kipo kitufe kingine ambacho sikiamini hata kidogo, nacho ndicho kinachopendwa kuliko vyote: kilainishi. Photoshop ilikiweka kwenye brashi zake mwaka 2017. Programu nyingine za kuchora, kama Krita na GIMP, nazo zinacho kwa namna zao. Ukikiwasha, brashi haifuati tena ncha ya kalamu. Inakokotwa nyuma yake, ikichukua wastani wa ulikopita, na kila mtetemo unafia njiani. Aliyekosa usingizi usiku kucha anatoa mstari wa mtu mwenye amani ya moyo. Ni starehe kubwa, na kwenye herufi sina ugomvi nacho, kwa sababu jina la kampuni likiyumba mlangoni watu watadhani na dereva anayumba.

Mzee mmoja alinionyesha kasoro ya kilainishi bila kukijua kitufe chenyewe. Alikuwa ameendesha magari ya watalii kwa miaka mingi, sasa anataka kuanzisha kampuni ndogo na wanawe, na alikuja na nembo aliyotengenezewa kwingine ili niiandae kwa stika. Baada ya shikamoo na marahaba akaitandaza mezani. Mlima wa buluu, miteremko miwili inayolingana kushoto na kulia, kilele chenye kofia ya theluji.

“Binti yangu, huu ni mlima wa nani?”

“Si Meru, baba?”

“Meru ipi iliyonyooka hivi? Wameusafisha huu.”

Yeye kwao ni Ngare Nanyuki. Sisi wa mjini tunauona Meru kutoka kusini, na asubuhi kabla mawingu hayajashuka unaonekana mlima kamili, umepanda hadi zaidi ya mita 4,500, mtu anaweza kuridhika nao hivyo maisha yake yote. Upande wa mashariki hali ni nyingine. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu ule ulibomoka, ukaacha kreta iliyo wazi kama kwato, ukuta wa mwamba unaoshuka wima, na ndani yake kilima cha majivu kilichoota baadaye. Mlipuko wake wa mwisho, mdogo, ulikuwa mwaka 1910. Ukisimama Momella unauona mlima kwa ndani. Eneo lile la Hifadhi ya Arusha lilipotengwa mwaka 1960 liliitwa Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto, na mlima wenyewe uliongezwa mwaka 1967. Na kule Ngare Nanyuki ndiko Wameru walikoondolewa kwa nguvu mwaka 1951 ili ardhi iende kwa walowezi, mashauri ambayo Kirilo Japhet aliyapeleka mwenyewe mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Sikumuuliza mzee kama alikuwa anawaza hayo. Tulikuwa tunazungumza habari ya nembo. Lakini sikuweza kulisikia neno “wameusafisha” kirahisi.

Mstari wa Meru ya mashariki unapanda, unakwama, unavunjika, unarudi ndani, unaanza tena. Kwa kilainishi hauchoriki, kwa sababu ni mstari wa mitetemo mitupu. Programu ikitafuta wastani wa mlima ule inakupa mlima mwingine. Na nadhani tumezoea wastani kuliko tunavyokiri. Simu zinalainisha uso kabla hujaomba. Nimeketi misibani nikisikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa, mpole, mcheshi, mpenda watu, asiye na adui, nikaona nusu ya waombolezaji wakitazamana, wakitafuta ni nani hasa anayezikwa. Tuliyemjua alikuwa mkali, alikopa bila kurudisha, na alitembea usiku kutoka Sakina hadi Ngaramtoni kumletea jirani dawa. Huyo hakupata nafasi kwenye karatasi.

Vijana wanaonijia sasa wana tatizo lililo kinyume na la fundi wangu wa mageti. Wanajua kwamba inaruhusiwa kubadilisha, na hawafanyi kingine. Krita peke yake huja na brashi zaidi ya mia, na watu wakarimu kama David Revoy, mchoraji wa Ufaransa, wametoa za kwao bure. Flashi zinajaa brashi za nyasi, za moshi, za ngozi ya mamba. Mtu anakuonyesha mkusanyiko wake kwa saa nzima na hana picha hata moja. Hapo huwa nawataja watu wa Tingatinga, ambao kazi zao zimejaa maduka ya vinyago hapa Arusha. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, juu ya mbao nyembamba za dari, kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Rangi ile haina ukungu wa kuchezea. Inang'aa, inafunika, inakauka polepole. Ugumu mia, uzito mia, basi. Alifanya kazi hiyo miaka minne tu, maana aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, na bado chui wake mwenye macho ya duara anatambulika duniani kote. Sisemi umaskini wa vifaa ni baraka. Nyingi ya zile picha za madukani zimechoka, na wachoraji wake wangefurahi sana kuwa na brashi ya tatu. Ila yeye hakupoteza hata asubuhi moja akijiuliza ni brashi gani inayomstahili.

Jambo moja dogo la GIMP, halafu niachane na vitufe. Kwenye mapendeleo yake kuna kisanduku kinachouliza kama vifaa vya kupaka vishirikiane brashi moja. Kikiwa na alama ya tiki, ukichagua brashi ya nyasi kwa ajili ya kuchora nyasi, ukishika kifutio nacho kinafuta kwa umbo la nyasi. Unashangaa kwa nini unapofuta panabaki vishimo. Jioni, kwenye vifodi vya Kijenge, huwaona watu waliosahau kukitoa hicho kitiki: amegombana na kondakta kuhusu chenji tangu stendi, simu inaita, ni mwanawe, na anampokea kwa brashi ile ile.

Nembo ya mzee tuliifanya wawili. Fundi wangu wa zamani wa mageti, ambaye sasa ana meza yake na wateja wake, aliandika jina la kampuni kwa kilainishi karibu asilimia mia, nikamwambia sawa. Kwenye mlima alikizima. Tulibishana kidogo juu ya kilima cha majivu, kwa sababu ukikichora kidogo mno mashine ya kukata stika inakichana na ukikikuza unawadanganya watu wa Momella. Yeye akasema wakitudai tutawajibu, akakikuza kidogo. Mzee alipokuja alisogeza miwani, akafuata ukuta wa kreta kwa kidole, kutoka juu hadi pale unapokatika. Akatikisa kichwa kuridhika. Kisha akauliza bei, nikamtajia, na nikaeleza kwamba imepanda kidogo kwa sababu ukingo ule uliovunjika unachukua muda kuukata.

“Binti yangu,” akasema, “hilo pengo lilikuwapo kabla ya wewe na mimi. Sasa na lenyewe nalilipia?”